Pini ya Milimita 6 Inacheza Kwenye Tundu la Milimita 6. Ninunue Leithi?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, kibanda changu kiko karibu na soko la Mbuyuni, na kazi ndogo ndogo za vyuma nazifanyia nyumbani, stoo. Nina drili ya mezani ya Kichina, grainda ya mezani, jiliwa, tupa na vernia ya dijito. Vipuri vya cherehani za zamani vinasumbua kupatikana, kwa hiyo nimeanza kutengeneza mwenyewe pini na bushi (vile vibomba vifupi ambamo pini huzunguka) za ule mkono unaosukuma meno ya kuvuta kitambaa. Natoboa kwa biti ya milimita 6. Nikipima tundu napata 6.00, pini napata 5.98, lakini nikiunganisha inacheza, na mashine ikikimbia inagonga. Matundu mengine yanatoka na umbo la yai. Rafiki yangu anasema bila leithi najisumbua tu, na amenipatia mtu anayeuza leithi ndogo ya Kichina ambayo itameza akiba yangu yote. Ninunue? Au kazi hii haifanyiki nyumbani?"

Marahaba, fundi. Nianze na pesa, maana naona ndiyo inayokukosesha usingizi: usiiguse akiba yako kwa sasa. Leithi, yaani mashine ya kukereza, ni mashine nzuri na nitaifikia huko chini, ila kwa maelezo uliyonipa, ugonjwa wako hautibiwi na leithi. Ukiifunga stoo kesho asubuhi, jioni utakuwa na pini safi zaidi ndani ya tundu lile lile bovu, na vernia ile ile itaendelea kukuhakikishia kwamba mambo yako sawa.

Tazama tarakimu zako mwenyewe. Tundu 6.00, pini 5.98. Tofauti ni milimita 0.02, yaani mikroni 20. Pini ya unene huo ikiwa na nafasi ya mikroni 20 na tone la mafuta juu yake, mchezo wake ni mdogo mno. Vidole vitausikia kwa shida, na mashine haitagonga kwa ajili yake. Wewe unasikia kugonga. Basi kati ya vipimo vyako viwili kimoja ni cha uongo, na mimi namshika mwizi kwenye tundu.

Zile ncha mbili ndogo za juu za vernia, za kupimia ndani, si kali kama wembe. Kila moja ina ubapa kidogo. Ukipima ndani ya bomba la inchi nne, ubapa huo hauna madhara. Ukiziingiza kwenye tundu la milimita 6, kingo za ubapa zinagusa ukuta kabla ncha hazijafika kwenye kipenyo chenyewe, kwa hiyo unapima mstari uliokatiza pembeni kidogo, na mstari huo siku zote ni mfupi kuliko kipenyo. Ubapa ukiwa na upana wa milimita 0.8, tundu la milimita 6.05 litasomeka 6.00 kwenye kioo. Piga hesabu ya pembetatu ukitaka kuhakikisha. Maana yake nafasi yako halisi si 0.02, ni 0.07 au zaidi, na hiyo ndiyo inayogonga. Tena kioo cha dijito kinaonyesha 0.01, lakini vernia nyingi za bei ya kawaida zinaaminika hadi 0.02 au 0.03 tu. Ile tarakimu ya mwisho ni mapambo.

Jambo la pili ni imani kwamba biti ya milimita 6 hutoboa tundu la milimita 6. Haifanyi hivyo karibu kamwe. Biti ina midomo miwili ya kukata, na midomo hiyo ikiwa sawa kwa urefu na kwa pembe, kila mmoja unasukumwa na mwenzake na biti inabaki katikati. Ukiinoa kwa mkono kwenye grainda, kama sote tunavyofanya, mdomo mmoja unabaki mrefu kwa unywele. Kuanzia hapo ncha ya biti haiko tena kwenye mhimili wa biti: biti inazunguka kwa kuyumba na kufagia tundu pana kuliko yenyewe. Nusu milimita ya tofauti kati ya midomo ni rahisi kuiona kwa jicho, lakini hata sehemu ya kumi yake inatosha kukuharibia kazi. Juu ya hapo weka chaki ya drili, ile yenye meno matatu inayoshika biti, ambayo kwenye mashine za bei ndogo huyumba kwa milimita 0.1 au hata zaidi. Biti mpya kabisa kwenye mashine nzuri bado itatoa tundu lililozidi kidogo. Biti ni chombo cha kutolea nyama. Haikuundwa kumalizia tundu.

Kuhusu umbo la yai, nadhani mengi ya matundu hayo ni yale yaliyokwisha kulika, ambayo unayapanua upya. Biti ikikuta tundu la zamani hufuata njia iliyopo, hivyo yai la zamani linazaa yai kubwa. Mengine yanatokana na kushika kazi kwa mkono au kwa koleo. Funga kazi kwenye jiliwa la drili, na jiliwa lenyewe lifunge mezani kwa bolti au klampu kabla ya kuwasha. Kwa tundu lililolika, zibe kwanza: ingiza kizibo cha chuma laini kinachobana, kisawazishe kwa tupa, halafu tafuta senta upya. Angalia mdomo wa tundu kabla hujaliziba, kwa sababu pini hula upande mmoja tu. Upande wa pili bado una duara la kiwandani na hilo ndilo litakalokuonyesha senta ya kweli ilikuwa wapi. Chora mistari yako kabla ya kuziba, siyo baada.

Sasa tufike kwenye dawa. Wewe unaihangaikia namba, 6.00, kana kwamba cherehani inaijua. Cherehani inajua kitu kimoja, nafasi kati ya pini na tundu lake. Pini ikiwa 5.93 na tundu 5.94, mashine itakimbia kimya miaka mingi. Viwandani wanalazimika kufuata namba kwa sababu pini inatengenezwa mji mmoja na tundu mji mwingine, na lazima vikikutana viingiane. Kwa kipenyo kama chako, mpangilio wa kawaida wa kiwandani wa kitu kinachozunguka kwa ulaini unaruhusu tundu kuzidi kwa hadi mikroni 12, na pini kupungua kwa kati ya mikroni 4 na 12. Wewe unatengeneza vyote viwili kwenye meza moja. Una uhuru ambao kiwanda hakina: chukua kimoja kiwe mfalme, kingine kifuate.

Nani awe mfalme? Asiwe kitu ulichokikata wewe. Awe kitu kilichosagwa kiwandani kwa usahihi ambao mimi na wewe hatutaufikia kwa tupa, na ambacho kimetupwa. Moshi na Arusha zimejaa vitu hivyo. Fungua printa mbovu au fotokopi iliyokufa: ule ufito ambao kichwa cha wino hutembea juu yake umesagwa, umenyooka, una unene ule ule mwanzo hadi mwisho. Utakuta wa milimita 6, 8, wakati mwingine 10. Ndani ya CD-ROM za kompyuta za zamani kuna vifito vya milimita 3. Nenda gereji za Unga Limited huku Arusha, au za hapo kwenu, uombe krosi za propela zilizotolewa kwenye magari: kila kikombe cha krosi kina rola nyembamba kama sindano, chuma cha beringi chenye kaboni na kromiamu, kigumu kiasi kwamba tupa inateleza. Rola hizo hutofautiana kwa mikroni chache tu zikiwa mpya. Zilizochakaa zipime moja moja, zile zenye mistari au kutu zitupe, utabaki na zaidi ya unazohitaji.

Hapo ndipo ununue chombo kimoja, tena kabla ya kingine chochote: maikromita ya milimita 0 hadi 25. Skrubu yake husogea nusu milimita kwa mzunguko mmoja, na ngoma yake ina mistari 50, ndiyo maana kila mstari ni 0.01 ya kweli. Hata ya mtumba inafaa. Futa nyuso zake mbili kwa karatasi safi, ifunge kwa kile kishikio cha nyuma kinacholia tik-tik, uone kama inasoma sifuri. Isiposoma sifuri lakini inarudi namba ile ile kila ukiifunga, bado ni nzima. Inahitaji kurekebishwa tu. Inayosoma kitu tofauti kila mara, muachie muuzaji.

Maikromita yako itapima pini. Tundu usilipime tena kwa vernia. Lijaribu kwa rola na vifito ulivyokwisha kuvipima. Panga vipande vyako kwa unene, viandike kwenye kikaratasi, viweke kwenye kopo lenye mafuta. Kipande cha 5.98 kikipita na cha 6.00 kikikataa, umepima tundu hilo kuliko vernia yoyote itakavyolipima. Njia hii ya kulinganisha kitu na kitu badala ya kuamini namba ina heshima yake. Mwaka 1840 Joseph Whitworth, Mwingereza ambaye baadhi ya thredi za inchi zinaitwa kwa jina lake, aliwaeleza wanasayansi waliokutana Glasgow jinsi ya kupata bamba tambarare kabisa: unalinganisha bamba tatu, kila moja na wenzake wawili kwa zamu, na kukwangua kwa mkono palipoinuka. Hakuna mashine sahihi iliyotangulia. Mashine sahihi zilizaliwa kutokana na bamba hizo.

Kwa hiyo kazi yako itakwenda hivi. Tuseme pini ni kipande cha ufito wa printa wa milimita 6. Piga senta panchi, anza na biti fupi nyembamba, panua hadi 5.5, halafu 5.8 kwa biti mpya ambayo haijawahi kuguswa na grainda. Kwa biti za ukubwa huo kwenye chuma laini, mizunguko 1000 kwa dakika au zaidi kidogo inatosha, na mafuta yasikosekane. Usifungue kazi. Toa biti, weka rima ya milimita 6 (chombo chenye makali ubavuni, cha kumalizia tundu), zima mashine kwenye swichi na chomoa plagi, kisha zungusha puli ya juu kwa mkono huku ukishusha taratibu. Rima izungushwe upande mmoja tu, ule wa kukata. Ukiirudisha nyuma inavunja makali yake na kukwaruza tundu. Hata wakati wa kuitoa, endelea kuizungusha upande ule ule wa kukata. Kwa nini kwa mkono? Drili nyingi za mezani kasi yake ya chini kabisa bado ni kubwa kwa rima, na kuyumba kwa chaki kunapanua mdomo wa tundu kabla rima haijatulia.

Usipoipata rima, jitengenezee biti ya D. Hii ni ya zamani na inafanya kazi kwa namna inayoshangaza. Kata kipande kingine cha ufito ule ule uliotoa pini. Kwenye ncha, urefu wa milimita 20 hivi, chonga upande mmoja kwa tupa mpaka ibaki nusu ya unene na unywele juu yake, yaani 3.0 hadi 3.1 kwa ufito wa milimita 6. Ncha ya mbele iinamishe kidogo ili isisugue. Kisha ipe ugumu: ipashe moto wa mkaa hadi iwe nyekundu kama cheri na sumaku iache kuishika, izamishe kwenye mafuta, jaribu tupa. Tupa ikiteleza, umeshinda. Isafishe ing'ae, ipashe tena polepole kutoka nyuma mpaka ncha ipate rangi ya majani makavu, ambayo ni karibu nyuzi 230, kisha ipoze. Malizia kwa kuusugua ule ubapa juu ya jiwe la mafuta. Usiuguse mgongo wa duara hata kidogo, kwa maana huo ndio kipimo chako. Biti hii ikilainisha tundu la 5.8 hutoa tundu linalozidi ufito wake kwa kiasi kidogo sana, na pini iliyotoka kwenye ufito huo huo inaingia na kuzunguka bila mchezo. Hujaandika namba yoyote, na mkao, yaani jinsi pini inavyokaa tunduni, umepatikana.

Tahadhari: si kila ufito wa printa hupokea ugumu. Vingine vina kaboni kidogo, na tupa itaendelea kuvila hata baada ya moto. Hivyo vinafaa kuwa pini kwenye cherehani inayotiwa mafuta, lakini si biti. Nondo usiihangaikie kabisa. Kuna wanaoifunga pini ya chuma laini kwenye kopo lililojaa unga wa mkaa na kuiweka motoni kwa saa kadhaa; inapata ngozi ngumu kweli, isiyofika milimita moja, ila moto lazima ufike nyuzi 900 hivi na ukae hapo, na pini ndefu hurudi ikiwa imepinda. Kwa pini ya cherehani sioni sababu ya mateso hayo wakati rola ngumu zinatupwa gereji.

Bushi nayo usiichonge kama unaweza kuinunua. Maduka ya vipuri vya umeme wa magari yanauza bushi za stata, na mafeni mabovu yana bushi ndogo za bronzi. Zile zenye vitundu vidogo sana, ambazo ukizipasha joto zinatoka jasho la mafuta, zimetengenezwa kwa unga wa bronzi uliobanwa, na vitundu hivyo ndivyo tangi lake la mafuta. Usizisugue kwa msasa wala kwa rima butu, utaziba vitundu na bushi itakauka. Ukilazimika kutengeneza kutoka kwenye ufito wa brasi, geuza mambo: shika ufito wa brasi kwenye chaki ya drili uzunguke, na biti isimame wima kwenye jiliwa bila kuzunguka. Kazi inapozunguka na biti imetulia, tundu linajitafutia katikati. Ili biti isimame chini ya chaki sawasawa, kwanza shika kwenye chaki kipande cha ufito chenye unene wa shina la biti, kishushe hadi kwenye jiliwa, kibane hapo, ndipo uifunge jiliwa mezani. Kisha fungua chaki na badilisha kipande kwa biti. Nje ya bushi unaweza kuipunguza kwa tupa huku ikizunguka, kwa mkono mwepesi. Ukibonyeza kwa nguvu kutoka ubavuni, chaki inaweza kuchomoka kwenye shina lake ikiwa inazunguka, na hilo hutalipenda. Tupa iwe na mpini, na meno yake yapake chaki ya ubaoni ili vipande vya brasi visinase.

Unene wa nje wa bushi haustahili jasho lote unaloupa. Kuna gundi za kushikilia beringi, zinazouzwa kwenye maduka ya beringi, ambazo hukauka zikikosa hewa katikati ya vyuma. Zinaziba nafasi ya sehemu ya kumi ya milimita bila shida. Safisha mafuta yote, paka, ingiza, na acha pini ndani ya bushi ikiwa imepakwa mafuta ili gundi ikauke bushi ikiwa imenyooka na mkono. Ukichagua kuibana kwa kuigonga badala ya gundi, kumbuka tundu la ndani hujikunja kidogo bushi inapobanwa, kwa hiyo rima au biti ya D ipite mwisho, bushi ikishakuwa mahali pake.

Na ifanye bushi iwe ndefu kadiri nafasi inavyoruhusu. Hapa mafundi wengi hupoteza usahihi wote walioutafuta. Nafasi ya 0.05 kwenye bushi yenye urefu wa milimita 12 inaruhusu mkono wa milimita 60 kuyumba robo milimita kwenye ncha. Urefu ukiongezeka mara mbili, kuyumba kunapungua nusu, na wewe hujagusa tundu. Ndiyo maana naona afadhali bushi ndefu yenye mkao wa wastani kuliko fupi yenye mkao wa saa ya mkononi.

Kitu kimoja usifanye kamwe, ingawa gereji watakushauri: usitie ile dawa ya kusagia vavu kati ya pini na bushi ya brasi au bronzi ili "zizoeane". Chembe za dawa hujizika kwenye chuma laini na kubaki humo, hata ukiosha kwa petroli. Kuanzia siku hiyo bushi inageuka msasa na pini yako ngumu ndiyo italiwa. Dawa hiyo ina kazi yake kwenye tundu la chuma kigumu, ukitumia kijiti cha shaba nyekundu kuibeba.

Sasa leithi. Ndogo ya mezani, zile za uzito wa kilo 40 hivi, zinaweza kutoa kazi nzuri mikononi mwa mtu aliyezifungua, akazisafisha na kuzirekebisha njia zake za kutelezea. Hazitoki kwenye boksi zikiwa tayari. Chaki yake ya meno matatu nayo huyumba kidogo, na bei uliyotajiwa haina visu, chaki ya meno manne, geji ya mshale wala senta, vitu ambavyo vikikusanywa vinakaribia bei ya mashine. Itakulipa siku utakapokuwa unatengeneza bushi za maumbo tofauti kila wiki na wateja wanazilipia. Ukiwa unarekebisha moja moja kwa mwezi, pesa hiyo inakaa vizuri zaidi kwenye maikromita, rima mbili tatu, seti ya biti nzuri na drili isiyoyumba. Kama moyo bado uko kwenye leithi, kasome kwanza kozi fupi ya kukereza VETA, uguse mashine za wengine ujue unanunua nini. Na ukikutana na leithi nzito ya zamani, hata yenye sura mbaya, itazame kwa heshima. Kwenu Kilimanjaro hapo Hai kulikuwa na kiwanda kizima, Kilimanjaro Machine Tools, kilichojengwa kwa ushirikiano na Bulgaria kutengeneza mashine za aina hii, na uzito wa chuma kilichomwagwa vizuri hauzeeki haraka.

Katikati kuna njia ya tatu: kuchongesha. SIDO Moshi, lile shirika la viwanda vidogo, wana mashine, na mjini kuna wakerezaji. Tatizo ni kwamba ukimwambia mkerezaji "nataka tundu la milimita 6", atakupa la kwake, akapima kwa vernia kama yako. Mpelekee pini yenyewe, ile iliyosagwa, umwambie: tundu liwe hivi kwamba pini hii ikipakwa mafuta inapita kwa kusukuma kwa kidole na nikiitikisa haisikiki. Au mwambie akuachie tundu dogo kwa milimita 0.2 ukalimalizie mwenyewe kwa rima. Nje ya bushi, ambako yeye ni hodari kuliko drili yako, mwachie amalize.

Yako mambo mengine ambayo nisingependa uyafanye stoo. Mkono wa chuma cha kumwaga ukiwa na ufa, usijaze ufa kwa weldi ya kawaida ukitarajia tundu libaki mahali pake. Peleka kwa mtu anayeujua moto wa chuma hicho. Skrubu za Singer za zamani nyingi zina thredi za kwake ambazo tapu za dukani hazilingani nazo, kwa hiyo usilazimishe tapu ya milimita kwenye tundu la thredi ya zamani. Afadhali utafute mashine iliyokufa uichinje kwa ajili ya skrubu. Na kama mashine inaendelea kuruka mishono baada ya bushi kukaa sawa, hitilafu imehama kwenye majira ya ndoana na sindano, kazi ya kukaa nayo mezani pamoja na fundi mzoefu wa mashine hiyo.

Miwani ya kufanyia kazi vaa kila ukiwasha drili au grainda, na glavu vua, kwa sababu chaki hushika glavu na kuvuta mkono. Kipande cha chuma kikikuingia jichoni, usikubali mwenzako akitoe kwa ncha ya kitambaa, kijiti cha kiberiti wala sumaku ya spika, kama tunavyoonana tukifanya. Usisugue jicho, lifunike bila kulikandamiza, uende idara ya macho ya hospitali ya KCMC siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamepungua. Kipande cha chuma kikibaki ndani ya jicho hupata kutu humo humo na kinaweza kukuondolea uwezo wa kuona taratibu wakati wewe unadhani umepona.

Anza na mkono mmoja, ule wa cherehani unayoijua zaidi, kwa pini ya printa na biti ya D. Ukikwama, niandikie unene wa pini kwa maikromita, na kipande gani kwenye kopo lako kinapita tunduni na kipi kinakataa.